Kiti cha Ulaya, mkeka wa Kendwa

Mwaka 2019 jarida la Age and Ageing lilichapa toleo la pili la mwongozo wa Ulaya kuhusu sakopenia, yaani kupungua kwa misuli na nguvu uzeeni. Jopo liliongozwa na Alfonso Cruz-Jentoft wa Hispania. Makala hii inanukuliwa mno. Andika pendekezo la utafiti wa wazee bila kuitaja, uone kama msimamizi wako hajakurudishia. Basi leo tuisome tukiwa Kendwa, kaskazini ya Unguja.

Kwanza tuipe haki yake. Toleo la 2010 liliweka mbele wingi wa misuli, na kupima wingi kunataka mashine. Hili la pili linaanza na nguvu. Mzee anabana kifaa kwa kiganja: mwanamume akishindwa kufika kilo 27, au mwanamke kilo 16, anashukiwa. Au anainuka kitini mara tano bila kutumia mikono. Akizidi sekunde 15, anashukiwa. Na wanasema wazi kwamba shaka hiyo inatosha kuanza kutafuta sababu na kumsaidia, hata kabla ya picha yoyote. Kwa kituo cha afya cha kijijini hiyo ni zawadi. Kiti na saa, basi.

Ugomvi wangu unaanza kwenye hizo namba. Mstari wa kilo 27 na 16 ulitokana na vipimo vya Waingereza, kwa kuwalinganisha wazee na vijana wao wenye afya. Wataalamu wa Asia, mwaka huohuo wa 2019, wakachora wa kwao: kilo 28 na 18, na kitini sekunde 12. Kwa hiyo mzee wa kiume mwenye kilo 27.5 ni mzima akiwa Madrid na anashukiwa akiwa Tokyo. Akiwa Kendwa je? Namba zote mbili ni za watu wengine.

Halafu huo mkono wenyewe. Mwongozo unautumia kama dirisha la kuonea mwili mzima. Lakini mwanamke wa pwani aliyezeeka akipiga makumbi na kusokota kamba anaweza kuwa na kiganja cha chuma huku mapaja yamekwisha. Ukimpima mkono tu utamwambia, "Bibi, hongera," naye jioni anaanguka chooni.

Kiti nacho nina shaka nacho. Maisha ya bibi zetu yako chini: mkekani, kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwenye choo cha kuchuchumaa, kwenye msala. Hebu hesabu sala za faradhi peke yake. Rakaa 17 kwa siku, na ukiondoa ya mwisho ya kila sala, unapata mara 12 za kunyanyuka kutoka chini hadi kusimama wima. Hapo hujagusa sunna. Hakuna kiti kinachodai kiasi hicho. Mtu anaweza kufaulu kitini na akashindwa mkekani, na mkekani ndiko anakoishi.

Ndiyo maana nikisikia "Bibi siku hizi anasali juu ya kiti", hiyo kwangu ni taarifa ya kitabibu. Nyumbani inapita kama "magoti tu", au "ndo uzee huo". Inawezekana ni magoti kweli. Inawezekana pia ni misuli ya paja, na hiyo inasikia mazoezi hata ukiwa umechelewa sana: mwaka 1990, kule Boston, wazee wenye wastani wa miaka 90 walifanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane, na nguvu ya waliomaliza ikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Walikuwa kumi tu walioanza, tena chini ya uangalizi, lakini "ndo uzee huo" haisimami mbele ya matokeo hayo.

Kwenye mifupa hadithi ni ileile. Kipimo cha -2.5 cha WHO cha mwaka 1994 kilitungwa kwa wanawake wazungu waliokoma hedhi. Mwaka 1996 watafiti wakaripoti kwamba wanawake wazee wa vijijini Gambia wana madini machache ya mfupa, ila kuvunjika ni nadra. Asitokee mtu akasema basi sisi tumesalimika. Nyonga nyingi huvunjika mtu akianguka, na anayeanguka mara nyingi ni yule ambaye miguu haikumdaka.

Kipimo cha sakafuni kipo. Claudio Gil Araújo wa Brazili aliwapima watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80: kaa chini, inuka, kila ukishika kitu unakatwa alama. Matokeo yalitoka 2012, na wenye alama ndogo walikufa zaidi katika miaka iliyofuata. Mwongozo wa Ulaya hauna kipimo hicho, na kwao sishangai sana. Sisi tunangoja nini? Tangu Aprili 2016 wazee wa Zanzibar waliofikia miaka 70 wana Pencheni Jamii, kwa hiyo majina yapo. Mikeka ipo. Tuanze na wanaosema wanaweza, na awepo mtu wa kuwadaka. Na mpimaji wa akina bibi awe mwanamke, maana kuinuka kutoka chini mbele ya kijana wa kiume, huku kanga inateleza, si wengi watakaokubali.