Dakika Sita hadi Ifakara

Kutoka Lupiro hadi Ifakara kwa ndege ya Caravan ni dakika sita. Nimepima mwenyewe, mara nne, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kupanga cha mpwa wangu huko Sinza, Dar es Salaam, nimevaa miwani ya uhalisia pepe iliyonibana paji la uso kama kofia ya kuazima.

Nilipima kwa sababu ninayo hesabu nyingine ya njia hiyohiyo. Mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba aliugua ghafla. Tulimpakia nyuma ya pikapu ya jirani kumpeleka hospitali Ifakara, tukafika ukingoni mwa mto Kilombero saa tano usiku. Zilikuwa mvua za El Nino. Mto haukuwa mto tena, lilikuwa ziwa linalotembea, na hapakuwa na chombo cha kuthubutu kuvuka gizani. Hakuna wa kulaumiwa. Tulikaa ndani ya pikapu, turubai juu, tukisubiri kuche. Saa nane usiku mama aliacha kumpepea. Alfajiri tuligeuza gari.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kujua miwani ipi ina pikseli nyingi, utaelezwa vizuri na wengine. Mimi nilikuwa na swali moja tu: ukinipa dunia nzima nirushe ndege juu yake, na mto wangu umo?

Programu yenyewe ni Microsoft Flight Simulator, toleo la 2020, lililotoka Agosti mwaka huo na kuruhusiwa kutumika na miwani mwezi Desemba. Vijana huiita simuleta tu. Sifa yake kubwa ni kwamba imebeba sayari yote. Picha za ardhi zinatoka kwenye ramani za Bing, na data yake ni petabaiti kama mbili, mzigo ambao hakuna kompyuta ya nyumbani inayoubeba, hivyo inakutiririshia kwa intaneti kipande kwa kipande kadiri unavyoruka. Nyumba na miti havimo kwenye picha kama vitu vya kusimama. Kampuni moja ya Graz, Austria, iitwayo Blackshark.ai, iliifundisha kompyuta kuitazama picha kutoka juu na kukisia: hili ni paa, basi inua kuta, huu ni mti, basi uoteshe. Hali ya hewa ni ya saa hiyohiyo unayoruka, inaletwa na Meteoblue ya Basel, Uswisi. Kumbuka hilo la hali ya hewa, nitalirudia.

Inafaa kujua pia kwamba kiigizi cha urubani kilichowahi kupata umaarufu, kile cha Edwin Link wa Marekani cha mwaka 1929, hakikukusudiwa kuonyesha dunia. Link alikulia kwenye kiwanda cha vinanda cha familia yao, na mashine yake aliitikisa kwa mivukuto ileile inayopuliza kinanda cha kanisani. Mwanafunzi alifunikwa ndani ya kisanduku, akabaki na saa za ndege mbele yake na giza pande zote. Alikuwa anajifunza kuruka bila kuona. Nadhani kulikuwa na uaminifu fulani pale: mashine iliigiza ndege, haikudai kuijua nchi iliyo chini.

Miwani inadai. Na sehemu ya madai yake, lazima nikiri, ni ya kweli kabisa. Kila jicho linapewa picha yake, zikitofautiana kidogo, na ubongo unazishona kuwa kina. Kamera ndogo zinafuatilia kichwa chako, kwa hiyo ukiinama dunia inainamiwa, ukisogea dirishani unaona zaidi. Kwenye skrini ya kawaida rubani wa nyumbani anabonyeza kitufe ili atazame kushoto. Kwa miwani anageuza shingo. Linaonekana jambo dogo mpaka siku unapotaka kutua. Caravan, ndege ileile inayopeleka watalii mbugani kwetu, ina bawa juu ya dirisha. Unapozunguka kuifuata njia ya kutulia, bawa la upande unaokata kona linashuka na kukuziba, na inabidi uteremshe kichwa uchungulie chini yake. Nilijikuta nafanya hivyo bila kufundishwa. Niliwahi kufundishwa, kwa kweli, utotoni, juu ya dungu la mpunga, nikichungulia chini ya makuti kutafuta kundi la kwelea kwelea kabla halijashuka shambani. Mwili ulikumbuka. Hakuna skrini bapa iliyowahi kunifanyia hivyo, na sishangai kwamba mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilikubali kwa mara ya kwanza kiigizi cha miwani, cha helikopta, kitumike kwenye mafunzo halali.

Maudhi yake yapo. Huoni mikono yako, unapapasa meza kama mtu anayetafuta kiberiti umeme umekatika. Uso unatoka jasho, lenzi zinaota ukungu. Kompyuta ikizidiwa, picha zinaanza kurukaruka, na hapo macho yanasema tunakwenda huku sikio la ndani linasema tumekaa. Tumbo ndilo linaloamua ugomvi. Safari ya kwanza niliitapika juu ya Kisarawe.

Ya pili nilifika. Ilikuwa Aprili, makusudi, maana siku hiyo mama alikuwa amenipigia simu kwamba maji yameshafika mashamba ya chini. Kutoka Dar ni kilomita mia tatu na ushee kwa mstari wa moja kwa moja, saa moja hivi. Milima ya Udzungwa ilitokea upande wa kulia, na ilikuwa sahihi kiasi cha kunishtua: inavyonyanyuka ghafla pale Mang'ula kama ukuta, inavyovaa wingu begani. Miinuko hupimwa kwa rada, na mlima haukwepi rada. Kisha bonde likafunguka, na mvua ikaanza kupiga kioo. Naisifia mvua ile. Matone yalikuwa yanasukumwa na upepo yanakimbia pembeni mwa kioo, kila moja na njia yake, na nilinyanyua mkono kuyafuta.

Chini yake, ardhi ilikuwa kavu.

Picha ilipigwa kiangazi cha mwaka fulani, na bonde la Kilombero ndani ya simuleta limebaki kwenye kiangazi kile. Mvua ni ya leo, udongo ni wa siku nyingine. Inanyesha na hakuna kinachojaa. Mahali picha mbili za miezi tofauti zilipounganishwa pana mstari, huku kijani, huku kahawia, umenyooka kama mpaka wa wilaya. Mto umelala bapa. Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, limebandikwa juu ya maji kama stika, magari hayawezi kupita juu yake wala ngalawa chini yake. Na Lupiro ina nyumba za ghorofa! Kompyuta iliona mapaa, ikakisia kuta inazozijua, ikatujengea kitongoji cha watu wenye mabaraza na vioo. Katikati ya majaruba iliotesha miti, mizuri, ya mahali pengine. (Lupiro, kwa taarifa yako, inajulikana kwa wataalamu wa mbu ulimwenguni kuliko inavyojulikana kwa marubani, watafiti wa Ifakara wamewakamata na kuwahesabu mbu wetu kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuuhesabu mpunga wetu kwa ajili ya mchezo.)

Unaweza kuniambia kwamba nadai mno, hakuna anayenunua simuleta ili aione Lupiro. Ndiyo hoja yenyewe. Toleo lile la 2020 lilikuja na viwanja vichache vilivyojengwa kwa mikono ya wasanii, jiwe kwa jiwe. Vya Afrika vilikuwa Cairo na Cape Town, na ili uvipate ulilipa bei ya juu. Palipo na mnunuzi pamechongwa, kwingine pamekisiwa. Kwa miaka mingi simuleta hii ilimwanzisha kila mchezaji kwenye kiwanja kidogo cha Meigs, kando ya ziwa, Chicago. Mwaka 2003 meya alikituma matingatinga usiku, yakakichimba alama za X. Wapenzi wa simuleta wameendelea kukitengeneza upya na kutua hapo hadi leo. Meigs imekufa na ipo. Lupiro i hai na ni makisio.

Jambo la pili linanisumbua zaidi, na hapa siyo kosa la kompyuta. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, wakafa watu 19 kati ya 43. Mpwa wangu, kijana mpole kuliko wote katika ukoo wetu, alikaa wiki ile akijaribu kutua Bukoba ndani ya miwani, mawingu chini, mvua, kama asubuhi ile. Mara mbili aliingia majini. Ya tatu akatua, akanitumia video kwa WhatsApp na ngumi ya furaha. Sikumjibu siku mbili. Ndani ya simuleta, ukianguka, picha inakuwa nyeusi, unaambiwa umeharibu ndege, unaanza upya. Hakuna mvuvi anayepiga kasia kuja kukufuata. Niliandika kwenye daftari langu siku ile: hiki ni chombo cha watu wasiowahi kusubiri. Niliipenda sana sentensi ile na nilipanga iwe mwisho wa makala haya.

Kisha ikaja Krismasi, na mpwa wangu akapanda basi kwenda Lupiro na vifaa vyake vyote vimefungwa ndani ya khanga za Bibi yake alizokuwa anamrudishia. Sebuleni alipanga kompyuta mpakato juu ya meza ya chakula, feni ikielekezwa kwenye kompyuta badala ya watu. Bando la wiki liliisha kabla ndege haijanyanyuka. Bila intaneti programu inafanya kazi, ila inakupa dunia iliyomo kwenye diski tu: nyasi za kawaida, miti ya kawaida, mito imechorwa kama utepe. Ghorofa zetu zote zilitoweka. Tulikuwa tumekaa Lupiro, na Lupiro ilikuwa pori.

Mama ana miaka sabini na mbili na hajawahi kupanda ndege.

“Bibi, ukisikia kizunguzungu useme.”

“Kizunguzungu ninacho cha kwangu. Nina presha. Washa.”

Mpwa wangu alimwanzishia angani, ili asihangaike na kupaa. Mimi niliona kwenye skrini alichokuwa anaona. Hakutazama saa za ndege hata mara moja. Alitazama chini, akigeuka taratibu, mikono imeshika kiti.

“Nyumba ziko wapi?”

“Hazijaingia, Bibi. Mtandao.”

“Basi ni kama tulipokuja.” Akanyoosha kidole hewani, akakaribia kuangusha chupa ya chai. “Pale. Dungu la kwanza la babu yako lilikuwa pale, mpingo mmoja ukiwa kulia.”

Pale hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyasi za kompyuta, zilezile wanazopewa Wabrazili na Warusi. Lakini aliendelea kuonyesha, njia ya viboko ya kupanda usiku, shamba la dada yake, mahali walipozoea kuchota maji kabla ya kisima. Mimi niliyekuwa na daftari la makosa sikuwa na la kuandika. Alikuwa anaijaza mwenyewe.

Mpwa wangu akaielekeza ndege kaskazini. Utepe wa mto ukaja, ukapita chini ya magurudumu.

“Tumeshavuka?”

“Zamani, Bibi.”

Akanyamaza. “Mbona hatujasubiri?”

Kijana alicheka kidogo. Amezaliwa 2003, alidhani ni utani. Mama aliivua miwani mwenyewe, mpira umemwachia alama nyekundu mashavuni, akaifuta kwa upindo wa khanga kama anavyofuta miwani yake ya kusomea.

“Chombo chako hiki kina usiku?”

“Kina, Bibi. Naweza kuweka saa yoyote unayotaka. Mvua pia.”

“Mvua weka. Weka saa nane usiku. Tuanzie hapa nyumbani.”

Mpwa wangu alinitazama mimi, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nikamwambia aweke.