Rezista ya kuongeza kwenye taa ya dagaa

Taa ya dagaa inatakiwa kung'aa saa tisa usiku kama ilivyong'aa saa mbili. Sharti hilo ndilo linaloamua saketi yake, na ndilo linalosahaulika fundi anapochukua LED ya tochi kali na kuisukumia mkondo wote inaoweza kubeba.

Kwa miaka mingi wavuvi wa Igombe, Kayenze na Ukerewe walielea na karabai za mafuta ya taa juu ya ziwa usiku wa giza, dagaa wakafuata mwanga. Karabai sasa zinapishana na taa za LED zinazotumia betri ya volti 12, ile ya pikipiki au ya sola.

Tuchukue LED ya Cree XM-L ya daraja la T6, maarufu kwenye tochi. Kwa ampea 0.7 inatoa lumeni zipatazo 280 na kula wati 2 hivi. Ipandishe hadi ampea 3, kikomo chake: mwanga unafika lumeni 900 na zaidi kidogo, lakini ulaji unaruka hadi wati 10. LED tatu za ampea 0.7 zinakupa lumeni 840 kwa wati 6 tu. Ni karibu mwanga uleule kwa umeme mdogo zaidi, na joto nalo limegawanywa sehemu tatu. Kwangu mimi hapa hakuna mjadala.

Zifungwe kwa mfululizo. Kila moja inataka volti 2.9, jumla 8.7, na betri ya volti 12 inabaki na nafasi ya kutosha hata ikichoka. Ukiongeza ya nne unafika volti 11.6, betri ikishuka kidogo tu mwanga unaanza kufifia kabla ya alfajiri.

Kidhibiti kinachofaa ni kibao chenye chipu ya PT4115, kinachopokea volti 6 hadi 30 na kumudu ampea 1.2. Mkondo wake unapangwa na rezista moja: gawanya 0.1 kwa omu zake. Vibao vya LED za wati 1 huwa na rezista iliyoandikwa R300, yaani omu 0.3, mkondo ukiwa ampea 0.33. Fundi akichomelea R300 nyingine juu ya ile ya kwanza, omu zinakuwa 0.15 na mkondo unapanda hadi 0.67. Huo ndio urekebishaji wote. Apime koili kwanza: ikiwa ndogo mno itajaa sumaku na kupata moto, na hapo kibao kinafaa kubadilishwa.

Tukikadiria upotevu wa kidhibiti kuwa asilimia 10, betri inatoa ampea 0.56 hivi. Betri ya saa-ampea 7, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inawasha taa hiyo takriban saa sita. Anayetaka mwanga maradufu asiongeze rezista ya tatu. Aongeze kibao cha pili na LED zake tatu, pamoja na betri kubwa.

LED zikae kwenye bamba nene la alumini linalogusa hewa nje ya kasha. Kasha lenyewe lizibwe kwa silikoni, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kwa sababu waya uliochubuka ndani ya mtumbwi uliolowa ni hatari kwa waliomo wote.