Mizani za Shairi kati ya Hesabu na Wimbo

Katika mafundisho ya ushairi shuleni, mizani imekuwa kazi ya vidole. Mwanafunzi hupewa mstari, akahesabu silabi 16, akatia alama ya vema. Desturi hiyo aghalabu huegemezwa juu ya Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954. Lakini Amri alilihesabu shairi kuwa wimbo. Waliomfuata wamechukua hesabu wakaacha wimbo, na kwa kufanya hivyo hesabu yenyewe imeharibika.

Herufi ni shahidi dhaifu. Mlango una mizani 3, mbuzi ana 2, ingawa maneno yote mawili huanza kwa m: ile ya kwanza ni silabi kamili, ya pili imeshikamana na b. Mtoto atazamaye karatasi hukosea. Aimbaye hapati taabu.

Tena jumla haitoshi. Utazamwe mstari huu, uliobuniwa kwa ajili ya mfano: “Jana umefungwa mlango wa nyumba yetu tena.” Mizani ni 16 kamili, wala mwalimu wa vidole hatakuwa na hoja ya kuukataa. Ukiimbwa kwa mahadhi ya shairi, pumzi hukatika baada ya mizani 8, na mlango hupasuliwa: mla upande huu, ngo upande ule. Vivyo hivyo ubeti wa shairi wenye mistari 4 una mizani 64, na beti 2 za utenzi zina 64. Hesabu yasema ni sawa. Sikio halizichanganyi kamwe.

Wako wadhanio kwamba hesabu na muziki hukutana pale jedwali la kuzidisha linapoimbwa. Huko ni kusaidia kumbukumbu tu (wala si vibaya). Penye faida kubwa ni kwenye kugawanya. Darasa liimbe mstari wa shairi. Kundi moja lipige kofi kila mizani ya 4, jingine kila ya 3. Kofi la kwanza litatua barabara mwisho wa kipande, kwenye 8. La pili litapiga 3 na 6, kisha litauruka mpaka na kuangukia 9. Makundi hayo hukutana kwenye 12, na hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika, ambacho watoto hufundishwa kimyakimya ubaoni.

Somo hilo halidai ala yoyote. Ladai mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hesabu waingie darasa moja kwa saa moja.