Matini Isiyo na Fanani: Ramani ya Simu katika Vichochoro vya Mji Mkongwe

Ramani ya simu ya mkononi ni matini isomwayo kila siku katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, tena husomwa kwa utiifu ambao washairi wengi wangeuonea wivu. Mgeni ashukaye bandarini Malindi huifungua, akaiona nukta ya buluu inayomwakilisha, akaufuata mstari hadi mlango wa nyumba ya wageni. Matini yenye mamlaka ya namna hiyo yastahili kuulizwa maswali yale yale ambayo uhakiki huyauliza matini nyingine: nani ameitunga, ameteua nini, ameacha nini?

Kasoro yake iliyo dhahiri ndiyo iliyo nyepesi. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo katika kimo cha takriban kilomita 20,200, na huhitaji angalau nne ili kujua ilipo. Katika uwazi wa Forodhani mambo huenda vyema. Katika vichochoro vya Kiponda, ambamo kuta ndefu zimeacha ukanda mwembamba tu wa anga, mawimbi hudunda ukutani kabla ya kufika, na nukta ikaruka. Mgeni aliyesimama njiani huonyeshwa kuwa yumo sebuleni mwa watu. Hilo ni jambo la maumbile, na halina haja ya kushikiliwa.

Kasoro nzito imo katika majina. Hoteli, mikahawa na maduka ya vinyago yameandikwa kwa wingi, kwani kila kimoja kina mwenyewe anayefaidika kwa kuandikwa. Pembe, baraza na visima havina wakala. Na hata jina lililoandikwa limebaki kibandiko. Darajani pamehifadhi kumbukumbu ya daraja lisilokuwapo tena, lililovuka mkono wa bahari uliokuja kufukiwa katika karne ya 20. Pasipo maji hayo, jina la Ng'ambo halieleweki: ng'ambo ya nini?

Picha bora si dawa ya upungufu huu. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Ni kazi kubwa, na yenye faida kwa mipango ya ardhi. Lakini paa halitaji jina lake. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatembeza wanafunzi mitaani pamoja na wakaazi, wakiandika mifereji na mipaka ili kukabili mafuriko. Hapo ramani ilipata watunzi wanaoijua ardhi kwa nyayo.

Kuelekezana, kwa asili yake, ni fasihi simulizi. Mzee aliyeketi barazani humtazama hadhira wake kwanza, kisha humpimia maneno: nenda moja kwa moja, ukifika penye mlango wa njumu pinda kushoto, kisha uliza hapo. Hilo "uliza hapo" ndilo kiini cha utanzu wenyewe, kwa kuwa kila maelekezo huishia kwa mtu mwingine.

Hata hivyo, wanaoliomboleza baraza husahau bei yake. Mwelekezaji naye huuliza: unatoka wapi, unamtaka nani, una nini naye? Mwanamke atembeaye peke yake hulipa njia yake kwa maelezo. Simu haimsaili (ijapokuwa walioitengeneza programu huweza kuihifadhi safari yake kimya kimya), na uhuru huo si mdogo.

Wala si kila jina la kigeni ni uvamizi. Jaws Corner, hapo Soko Muhogo, ni jina la Kiingereza litokanalo, kwa kauli ya wenyeji, na filamu ya papa ya mwaka 1975. Wenyewe ndio waliolibandika, na wenyewe ndio wanywao kahawa hapo wakibishana siasa. Ramani hulionyesha jina hilo. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, humruhusu yeyote kuongeza lake, na kijana wa Mkunazini aweza kuifungua jioni hii hii. Akiwauliza wazee wawili jina la kichochoro kimoja na kupewa mawili, itambidi aamue aandike lipi.