Uzuri wa Sura ya Tatu

Watu wengi wakipewa tasnifu ya uzamili katika elimu hukimbilia kurasa za mwisho: matokeo, hitimisho, mapendekezo. Mimi huanzia sura ya tatu. Humo mwandishi hueleza alifanya nini hasa: aliwahoji akina nani, aliwapataje, kwa idhini ya nani, kwa lugha gani, na kwa nini tuyaamini majibu aliyorudi nayo. Ni sura kavu, na mara nyingi ndiyo inayorudi kutoka kwa msimamizi ikiwa imejaa wino mwekundu kuliko zote. Lakini ukitaka kujua kama aliyeiandika ni fundi, isome hiyo kwanza. Na kwa wanaotafiti shule za Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, sura hiyo ina mitego ambayo mtafiti wa Nakuru au Masaka hakutani nayo.

Chukua jina la mahali tu. Busia ziko mbili. Ya Kenya ni kaunti. Ya Uganda ni wilaya, iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Anayeandika "Busia" kwenye jalada bila kutaja nchi amekwishapoteza alama kabla ya ukurasa wa kwanza. Anayelinganisha idadi ya wanafunzi wa Tororo wa 1995 na wa 2000 ana mtihani mkubwa zaidi: Tororo ya kwanza ilikuwa na Busia ndani yake, ya pili haina. Tena mwaka huohuo wa 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakafurika. Idadi inavutwa pande mbili kwa mpigo, ramani ikiipunguza na sera ikiiongeza. Fundi mzuri hulieleza jambo hilo kwa sentensi mbili tatu katika kipengele cha eneo la utafiti, kisha anaendelea na safari yake. Msomaji wa kawaida hatambui kwamba ameokolewa.

Vivyo hivyo katika ufafanuzi wa istilahi, kipengele ambacho wanafunzi wengi hukijaza kwa kunakili kamusi. Neno "ufaulu" linaonekana jepesi mpaka uvuke mpaka. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi Kenya, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, katika miaka yake ya mwisho ulihesabiwa kwa alama 500, na mwenye nyingi ndiye aliyeshangiliwa. PLE, mwenzake wa Uganda, huhesabiwa kwa jumla ya madaraja, kuanzia 4 hadi 36, na mwenye 4 ndiye kinara. Mtafiti akiziweka hesabu hizo mbili katika jedwali moja bila kuzigeuza, kompyuta haitamkataza. Itampa uwiano mzuri wenye desimali tatu, nao utakuwa upuuzi mtupu. Aliyefafanua istilahi zake kwa dhati aliuona mtego huo katika sura ya kwanza.

Sisemi haya kuwatisha wanafunzi. Mpaka huu ni ardhi yenye rutuba kwa mtafiti wa elimu, pengine kuliko mahali pengine popote katika nchi hizo mbili. Wateso wako pande zote, Wasamia vilevile. Familia moja, mitaala miwili. Machi 2020 nchi zote mbili zilifunga shule kwa sababu ya korona. Kenya ilizifungua kikamilifu Januari 2021. Uganda, baada ya kufungua kwa awamu na kufunga tena, ilizifungua kikamilifu Januari 2022. Sehemu kubwa ya mwaka 2021, mtoto wa upande wa Kenya wa mto Malaba alikuwa darasani na binamu yake wa ng'ambo ya pili alikuwa nyumbani. Ulinganisho kama huo huwezi kuutengeneza kwa makusudi. Na vyuo viko karibu: Alupe, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2022, kiko kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba; nacho Busitema, kilichoanzishwa 2007, kimeweka masomo yake ya ualimu Nagongera, wilayani Tororo, palipokuwa chuo cha taifa cha walimu.

Halafu zinakuja ruhusa. Tangu 2018 lori linalovuka Busia husimama mara moja tu, kwenye kituo cha pamoja ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Hojaji haina kituo cha namna hiyo. Anayetaka kuipeleka pande zote hupitia kamati ya maadili, kisha upande wa Kenya huomba leseni ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na akiipata huripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kubisha hodi shuleni. Upande wa Uganda anaanza upya: kamati ya maadili inayotambuliwa huko, baraza la sayansi na teknolojia, yaani UNCST, ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, na ofisa elimu wa wilaya. Barua juu ya barua, muhuri juu ya muhuri. Wanafunzi hulalamika, nami siwalaumu, kwani ada na nauli zinatoka mifukoni mwao. Hata hivyo, mwisho wa msururu huo kuna mtoto. Aliye chini ya miaka 18 hahojiwi mpaka mzazi au mlezi aridhie, na yeye mwenyewe aulizwe kama anakubali. Mpakani swali la nani mlezi si dogo: mtoto analala kwa bibi upande wa Uganda, anasoma Kenya, na mama yuko Nairobi. Tasnifu ninayoiheshimu husema waziwazi nani alitia sahihi, na kwa nini huyo.

Tuitazame hojaji yenyewe kwa karibu. Swali la nne, tuseme, linauliza: "Mzazi wako anafanya kazi gani?" Chuoni linaonekana salama. Likifika shule ya mjini Busia, darasa zima linajibu: biashara. Anayebadilisha fedha kando ya geti, akiwa na mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi: biashara. Mwenye ghala la mahindi: biashara. Mwenye bodaboda: biashara. Anayevusha sukari kwa baiskeli kupitia njia za panya: hiyo nayo, bila shaka, biashara. Jibu moja limewafunika tajiri na maskini, na kipengele cha hali ya uchumi ya familia kimekufa hapo hapo. Ndiyo maana kanuni hudai utafiti wa awali katika shule ambayo haitakuwa kwenye sampuli. Fundi huligundua tatizo huko, analivunja swali vipande: je, mzazi ana mahali pa kudumu pa kuuzia? Ameajiri mtu? Mtaji ni wa kwake au wa kukopa? Katika sura ya tatu jambo hilo litachukua mstari mmoja na nusu: swali la nne lilirekebishwa baada ya majaribio. Nyuma ya mstari huo kuna wiki za kazi.

Lugha nayo. Mzazi wa Amagoro huenda akajibu vizuri zaidi kwa Kiteso, wa Lumino kwa Kisamia, wa Nagongera kwa Kidhopadhola. Utaratibu unaokubalika ni mtu mmoja kutafsiri hojaji, na mwingine ambaye hajaona ya asili kuirudisha katika lugha ilikotoka, kisha mbili hizo zilinganishwe sentensi kwa sentensi. Inachosha, na wanaoiruka ni wengi.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, karibu kila tasnifu ya ukanda huu hutaja jedwali la Krejcie na Morgan la 1970. Ni jedwali la ajabu kidogo. Walimu wakiwa 500, wahoji 217. Wakiwa 1,000, wahoji 278. Watu wakiwa 10,000, unahitaji 370, na hata wakifika 1,000,000 ni 384 tu. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni kwamba limekuwa hirizi: mwanafunzi huchukua namba na kusahau kwamba jedwali linadhani watu wamechaguliwa kwa nasibu, si kwa kuokota walimu waliokuwa ofisini siku hiyo.

Kipimo kingine cha ufundi kimejificha kwenye vitenzi. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao, tasnifu kwa wakati uliopita. Anayeandika kwa Kiswahili hubadilisha "zitasambazwa" kuwa "zilisambazwa", na mtahini mwenye jicho kali huikamata ile -ta- moja iliyobaki ukurasa wa 64. Mvivu hubadilisha vitenzi akaishia hapo. Mwaminifu hubadilisha na ukweli: alipanga kuwahoji walimu wakuu kumi, akawapata saba, wawili walihamishwa, mmoja alikataa. Anaandika hivyo.

Mengine ni ya kufuata tu: kurasa za mwanzo kwa namba za Kirumi, ukingo wa kushoto mpana ili nakala ikishonwa maneno yasimezwe, kichwa cha jedwali juu yake na cha mchoro chini yake, ikirari yenye sahihi ya mwanafunzi na ya wasimamizi, ikisiri isiyozidi ukurasa. Wapo wanaoyadharau. Mimi naona mkono unaokosa subira na ukingo wa karatasi hauaminiki sana na takwimu.

Siku ya kutetea, jopo haliulizi sana ulichokipata. Linauliza kwa nini: kwa nini shule hizi, kwa nini darasa la sita, kwa nini hukuwauliza wazazi. Aliyenunua tasnifu yake kwa mwandishi wa kukodi hukwama hapo, kwa sababu sababu hazikuwamo kwenye bei. Aliyeiandika mwenyewe hujibu akiwa hajafungua kitabu. Masahihisho yakiisha, nakala hujaladiwa kwa jalada gumu, jina, shahada na mwaka vikichapwa kwa rangi ya dhahabu kwenye uti wa mgongo, na kabati la maktaba hufungwa.

Hapo ndipo utaratibu wetu unapopungukiwa. Leseni ya NACOSTI humtaka mtafiti awasilishe nakala kwa tume. Chuo huchukua zake. Shule iliyotoa darasa, walimu na saa zake kwa kawaida haipati kitu. Basi wewe mwalimu mkuu wa Busia, Malaba au Tororo, mtafiti mwingine akija na barua zake zote zenye mihuri, msaidie. Ila kabla hujamfungulia darasa, mwambie aandike chini ya barua hiyo tarehe atakayorudi kukuletea matokeo, kisha atie sahihi.