Anga ya Igoma Kwenye Mizani

Wengi wanaonunua redio ya kurushia mawimbi huinunua ili wazungumze. Wapo wachache wanaoinunua ili wapime, na hao ndio ninaotaka kuwasifu. Kituo cha mpimaji hukesha kikituma ujumbe mmoja usiobadilika: alama yake ya wito, mraba wa ramani kilipo, na nguvu kinayotumia. Kwa aliyeko Igoma, jijini Mwanza, mraba huo ni KI67, kati ya nyuzi 32 na 34 mashariki na nyuzi 2 na 3 kusini, eneo linalolimeza jiji zima pamoja na sehemu ya kisiwa cha Ukerewe. Ujumbe mzima ni biti 50, na huchukua sekunde 110 na ushei kumalizika. Hauna salamu wala kwaheri. Kwetu Usukumani, ambako kuamkiana ni shughuli kamili, huo ni ukorofi. Lakini muuzaji wa sokoni naye habadilishi jiwe la mizani kila anapokuja mteja mpya.

Modi hiyo, yaani namna ya kupanga ujumbe huo hewani, huitwa WSPR. Aliitoa mwaka 2008 Joe Taylor, mwanafizikia wa Princeton ambaye mwaka 1993 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Russell Hulse. Mwaka 1974 walikuwa wamegundua nyota mbili zinazozungukana, moja ikitoa mapigo ya redio kwa vipindi vya kutegemewa kama saa. Aliyezoea kuchambua mapigo ya nyota katikati ya mikwaruzo hakuona ajabu kutaka moja ya tano ya wati isikike ng'ambo ya bahari. Na husikika, ingawa balbu ya wati 3 inaizidi nguvu hiyo mara 15. Mwaka 2017 Taylor na Steve Franke wakaleta FT8, ambayo zamu yake ni sekunde 15. Humo biti 77 za ujumbe husindikizwa na biti 97 za ulinzi, ili kilichopotea njiani kirudishwe kwa hesabu. Sharti lake ni saa za pande zote mbili zikubaliane, kwani hata kosa la sekunde mbili tatu linatosha kukufanya usisikike na yeyote.

Kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za Tanzania huanza na 5H.

Ufundi hauko kwenye programu, maana programu hupakuliwa bure. Uko kwenye kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote vilivyo, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Chukua waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati kwa ajili ya megahezi 14. Leo umeuning'iniza mita 4 kutoka ardhini, kesho umeupandisha hadi 8, na ripoti kutoka Ulaya zimepanda desibeli 5. Je, ni waya au ni anga? Anga haikukusubiri. Mpimaji wa kweli huweka waya zote mbili kwa pamoja, kila mmoja na kirushio chake cha nguvu ile ile, zikituma katika dakika zile zile kwa masafa yaliyoachana kidogo tu. Anayezipokea kwa mbali huzipokea chini ya anga moja, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ya waya. Halafu huvibadilisha virushio nafasi, asije akawa anasifia waya kwa kazi ya kirushio. Ripoti moja haimpi furaha. Anataka mamia.

Igoma ina ukaidi wake. Mawe yanayoipa Mwanza sura yake ni ya graniti, na graniti ni kipitishi kibaya cha umeme. Antena ya kusimama wima, inayotegemea ardhi, hapa hudai waya nyingi za kulazwa chini kabla ya kuonyesha thamani yake. Kisha kuna kelele za mtaa: chaja za bei nafuu, taa za LED, vidhibiti vya sola, mafundi wa kuchomelea. Umeme unapokatika mtaa mzima hulalamika, isipokuwa mwenye redio ya betri. Kwake hiyo ndiyo saa ambayo mikwaruzo hushuka ghafla, na vituo vilivyokuwa vimezikwa hujitokeza kimoja kimoja kwenye kioo.

Usiku huja radi. Upepo wa nchi kavu hutoka kila upande wa Ziwa Victoria na kukutana juu ya maji, mawingu hujikweza, na ngurumo za ziwani huvuma usiku kuliko mchana. Kila mmweko ni mkwaruzo redioni. Hapo ujumbe wa dakika mbili, uliotawanyiwa ulinzi mwanzo hadi mwisho, una pa kujificha.

Lakini mtihani mkubwa ni ule wa saa mbili usiku, ambayo kwenye daftari huandikwa 17:00 kwa saa ya dunia. Ikweta ya sumaku hupita kaskazini mwetu, upande wa Ethiopia. Jua likishazama, tabaka la ayonosfia la ukanda huu huweza kuchemka na kujaa mapovu. Wimbi linalopita humo hutoka likitetemeka, limetawanyika hezi kadhaa. Kwenye karatasi WSPR ni bingwa: husomeka hata ikiwa desibeli 28 chini ya kelele, wakati FT8 huishia karibu 21. Ila toni za WSPR zimeachana hezi 1.46 tu, na mtetemo huo huzichanganya. FT8, yenye hezi 6.25, huvumilia zaidi. PSK31 ya Peter Martinez, ya mwaka 1998, huhifadhi herufi katika mgeuko wa wimbi lenyewe, basi unaweza kuisikia vizuri kwenye spika na kompyuta isiandike kitu cha maana. Olivia ya Pawel Jalocha, yenye toni 32 zilizotanda hezi 1000, hula nafasi kama haina haya, na mara nyingi ndiyo inayofika. Hayo hayatabiriki kwa kusoma sifa za modi zilizopimwa kwenye anga tulivu. Lazima mtu akae Igoma jioni, apime.

Kabla ya kuilaumu antena, mpimaji husikiliza 5Z4B ya Kenya. Ni kimojawapo cha vituo 18 vinavyopokezana duniani kila dakika tatu, na kila kimoja hutoa mistari minne ya sauti: wati 100, 10, 1, na moja ya kumi.

Wengi huitetea redio hii kwa kutaja maafa. Igoma hoja hiyo ina uzito, kwani hapa ndipo walipozikwa wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Hata hivyo sioni haki kuwaita marehemu watoe ushahidi kwa ajili ya waya wangu. Napenda kazi hii kwa sababu ndogo zaidi: mtu anakubali kukanushwa na namba, usiku baada ya usiku, bila kulipwa.

Na namba zenyewe hazikai. Mzunguko wa jua ulifikia kilele mwaka 2024, na megahezi 28 zilikuwa wazi mchana hata kwa waya duni. Shughuli za jua zinaposhuka kuelekea mwisho wa muongo huu, masafa hayo yatafunga mara kwa mara, kazi itarudi kwenye megahezi 14 na 10, na waya ulioshinda mwaka 2024 utalazimika kupimwa upya kando ya ule ulioshindwa.