Koma si shetani

Katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi, na katika insha za wanafunzi wanaovisoma, kuna neno moja linalofanyishwa kazi ya maneno kumi. Neno hilo ni shetani. Koma wa Wadigo anaitwa shetani. Pepo ni shetani, mzimu ni shetani, jini hali kadhalika, na ukiuliza tofauti yao unaambiwa, "Ah, si hao hao tu!" Si hao hao. Na huku Kwale kuwachanganya kuna gharama, ingawa mwandishi wa kitabu si yeye anayeilipa.

Tuanze na koma. Huyu ni mzazi aliyetangulia. Ana jina, ana ukoo, wajukuu zake wanajulikana. Akisahauliwa huja ndotoni kudai haki yake, akafanyiwa sadaka au tambiko. Mkali ni mkali, lakini ukali wake ni wa babu aliyepitwa bila kuamkiwa. Shetani hana wajukuu! Neno lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na katika dini halibebi wema hata chembe. Jini aweza kuwa muumini, na Kurani ina sura nzima, ya 72, yenye jina la majini. Wadigo walio wengi ni Waislamu, kwa hiyo mwalimu wa madrasa pale Msambweni hahitaji kufundishwa tofauti hii. Anayeihitaji ni mhariri wa vitabu.

Pepo naye ana mambo yake. Kwenye ngoma ya kayamba huulizwa jina lake, ametoka wapi, anataka nini. Yuko wa Kiarabu, yuko wa Kimasai, na kila mmoja na nguo yake na chakula chake. Mara nyingi shabaha si kumfukuza bali kupatana naye. Sasa mtu ukishaandika "shetani alimpanda", mazungumzo yote hayo umeyafuta kwa kalamu.

Hasara kubwa zaidi naiona kwa katsumbakazi wa Wagiriama, ndugu wa Wadigo upande wa kaskazini. Mmisionari William Taylor alimwandika katika msamiati wake wa Kigiriama mwaka 1891. Ni pepo mfupi mno, na ufupi huo unamuuma. Akikutana nawe hukuuliza umemwonea wapi. Ukijibu "hapa hapa", yaani hukumwona mpaka ulipomkaribia, siku zako zinahesabika. Ukijibu "kule mbali", unapita salama, pengine na bahati juu yake. Wazulu wanasimulia karibu neno kwa neno habari za Abatwa wao. Sasa tazama lugha: ile ka- ya mwanzo ni ya udogo, kwa hiyo jina linamtaja kiumbe kwa kasoro ileile asiyotaka kutajiwa. Kisa kizima kimejificha ndani ya kiambishi! Mfasiri akiandika "shetani mfupi" anabaki na kitisho tu; ucheshi umekwenda, na adabu ya kusema na mtu kuhusu umbile lake imekwenda nao.

Waandishi wetu wakubwa hawakuwa wazembe hivi. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), anamwita pepo wa mtoni kwa jina lake, Hongo, na jina hilo ndilo linaloupa ujumbe wa maji uzito wake. Mweke shetani mahali pa Hongo uone kama tamthilia itasimama. Miaka miwili baadaye aliandika Mashetani, na humo shetani wa chini ya mbuyu ni shetani kwelikweli: adui, mtawala anayebadilisha sura. Mtunzi mmoja, maneno mawili, kazi mbili. Mohamed Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale, alijua kwamba mzimu ni mahali pia, nao watu wabaya waweza kujificha nyuma ya hofu ya mahali.

Najua nitajibiwa kwamba Mdigo mwenyewe, akizungumza na mgeni, husema "shetani". Ni kweli. Huchagua neno analodhani mgeni analo. Sisi tulioandika kamusi na vitabu vya kiada ndio tuliomwachia neno hilo moja.

Na gharama? Kaya Kinondo, pale Diani, ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni akiingia hufungwa kitambaa cheusi na kuonywa asikate kitu. Msitu ulibaki kwa sababu ni wa koma, na mti wa babu haukatwi ovyo. Uite msitu wa mashetani, basi anayeufyeka amefanya jambo la thawabu. Kisiwa cha Chale nacho ni kaya, na leo kina hoteli. Tena hapa kwetu na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayeingia kayani kuwaombea watu mvua, akishaandikwa kwamba "anaongea na mashetani", amebakishiwa hatua ngapi?

Kwa hiyo wahariri waache koma awe koma, kama tulivyoacha jini awe jini. Kuhusu upatanisho, swali ninaloulizwa mara kwa mara: mimi huandika "koma amekasirika", si "koma imekasirika". Ni mzazi wa mtu huyo.